Toazi Moja, Mabinti wa Tochi Wawili

Tangu nirudi, cherehani yangu imekuwa pambo. Kila anayekuja kupimwa gauni anakaa kwenye benchi, anaweka kitambaa mapajani na kuniambia, "Haya Mama Kulwa, anzia pale mlipoondoka." Nimesimulia mpaka sauti imekwama, na kila nikisimulia jirani yangu Mama Sayi ananisahihisha, wakati hakuwepo. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, mpokezane daftari. Habari za nauli na maandalizi nimeziruka, hazina utamu.

Kwa ninyi mliokuwa wadogo: Mwamba Mkavu ilikuwa bendi ya vijana wa Mwanza, wenye nywele nyingi na magitaa ya umeme, waliopiga kelele tamu ambazo wenyewe waliziita muziki wa mwamba. Walizunguka Shinyanga, Kahama, mpaka machimboni Geita kwa lori bovu. Lori hilo liligoma hapa Didia, na wakati fundi anahangaika nalo, wakatupigia muziki pale kwenye mashine ya kukoboa. Jenereta lao liliweza magitaa tu, taa hakuna. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye tochi ya betri tatu. Giza lilipoingia nilisimama mbele nikawamulika mpaka mwisho. Mpiga ngoma alipasua toazi lake moja, ile sahani ya shaba inayolia "ngwaa", akaniachia kama zawadi. Wiki hiyo hiyo tukasikia wamepiga wimbo mpya Nyarugusu, unaitwa "Binti wa Tochi". Niambieni, binti huyo angekuwa nani tena?

Mwaka huu shemeji yangu Shija, mdogo wake Baba Kulwa, aliniingiza kwenye kundi la simu la wapenzi wa bendi ile. Mwenye kundi alijiita Mzee Karasha, kwa sababu ana karasha huko Nyarugusu, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akatualika wote kwake, kila mtu aje na ukumbusho wake tuonyeshane. Sasa, humo kundini alikuwamo mwanamke wa Kahama aliyejiita Binti wa Tochi Orijino. Nami nikabadilisha jina langu nikajiita Tochi Halisi. Tulitukanana kwa adabu miezi mitatu mizima, bila kuonana sura. Ninyi mlidhani nakwenda kutembea. Nilikwenda kumaliza ubishi.

Didia hadi Tinde

Toazi halikuingia kwenye begi. Nilijaribu kulibeba kwapani, likawa linanikata. Mwisho nikalifunga mgongoni kwa khanga, kama mtoto.

Shija alikuja amevaa suti ya Jumapili. Mnajua yeye ni katekista wetu, na parokiani alikuwa ameaga anakwenda semina. Ndani ya mfuko wake wa Biblia alikuwa amekunja koti jeusi la ngozi alilorushiwa na mpiga gitaa pale Shinyanga mjini, na koti lile lilinuka dawa ya nondo mpaka dereva wa bodaboda akauliza kama tumebeba sumu ya panya.

"Shemeji," akaninong'oneza, "tukikutana na mtu wa jumuiya, wewe unakwenda kwa daktari, nami nakusindikiza."

"Naumwa nini?"

"Mgongo. Si unaona ulivyouvimbisha?"

Pale Tinde tulisimama kusubiri basi karibu na bibi mmoja anayeuza karanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu macho yake yakahamia mgongoni kwangu yakakaa huko.

"Mwanangu," akasema, "huyo mtoto hajageuka tangu mfike. Umempa nini?"

"Amelala, bibi."

Akanyoosha mkono ampapase. Ukucha wake ukagonga shaba. Bibi alirudisha mkono haraka, akanitazama, akamtazama Shija na mfuko wake wa Biblia, akasema, "Wabeja," yaani asante, ingawa hakuna tulichompa, na akahamisha beseni lake la karanga ng'ambo ya barabara.

Tinde hadi Kahama

Basi lilijaa. Lakini kijana mmoja mwenye adabu aliniona na mtoto mgongoni, akainuka kunipisha. Ningekuwa mtu mwema ningekataa. Nilikaa. Sikuweza kuegemea, kwa hiyo nilikaa wima kama niko kwenye picha ya pasipoti, na abiria wakawa wanasifu jinsi ninavyomjali mwanangu.

Tulipofika Isaka dereva alishuka akasema anakuja sasa hivi. Alikuwa na shughuli ya kununua mchele, na inaonekana alikuwa anauchagua punje kwa punje. Tulikaa saa mbili. Mama wa kiti cha nyuma akafungua chombo chake akatugawia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, pamoja na karanga za kusaga. Nilikula kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Na mtoto je, haamki anyonye?"

"Huyu hasumbui," nikasema.

Dereva aliporudi aliondoka kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Hatukwenda mbali, ng'ombe wakakatiza, akafunga breki. Mimi nikaenda mbele, nikarudi nyuma, na mtoto wangu akagonga chuma cha kiti. Ngwaaaaaa! Sauti ilizunguka basi zima, ikatoka dirishani, ikarudi.

Abiria wote wakageukia mgongo wangu. Yule kijana aliyenipisha kiti alikuja taratibu, akainama, akasema kwa heshima zote, "Mama, naomba kiti changu."

Nilimaliza safari nimesimama. Shija alikuwa amefumba macho anajifanya anasali.

Kahama hadi Kakola

Kahama tulilala kwa binamu wa mke wa Shija, na asubuhi tukapanda gari la kwenda Kakola. Hapo ndipo nilipokutana na mtu niliyempenda mara moja. Alikaa pembeni yangu, mwanamke wa rika langu, mtandio wa rangi ya zambarau, mnene wa kustarehesha, mwenye mfuko wa vitumbua vya moto. Shija alikuwa kiti cha nyuma, ameshaanza kukoroma.

"Karibu kitumbua, dada. Naenda Nyarugusu, siwezi kuvimaliza peke yangu."

Nikala kimoja. Nikala cha pili. Tukazungumza bei ya mpunga, maana yeye anauza mchele sokoni Kahama, tukazungumza magoti, tukazungumza watoto wasiopiga simu. Kisha akaanza kuimba kidogo kidogo huku akitazama dirishani:

*Binti wa tochi, usinizimikie njiani,*
*Moyo wako ukichemka, nitakuletea maji.*

Kitumbua cha tatu kilinikwama. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Unaujua wimbo huo?"

Akacheka. "Kuujua? Dada, nimeimbiwa mimi! Umeme ulikatika Kahama siku ile, nikamulika jukwaa kwa tochi. Nimeibeba hii hapa." Akapapasa mkoba. "Sasa kuna mwanamke mmoja wa huko Didia, mwongo huyo, hana haya. Anajiita Tochi Halisi. Nikimwona leo!"

Hapa mtanilaumu, na mna haki. Ningesema ni mimi. Lakini vitumbua vilikuwa vimebaki vitano.

"Watu wengine bwana," nikasema.

"Lazima ana sura ya mbuzi."

"Inawezekana."

"Na hawezi kuimba."

Hilo liliniuma, nikachukua kitumbua cha nne kujifariji. Alinieleza maovu yangu yote mpaka mengine nikaanza kuyaamini. Tulipokaribia Kakola, Shija akaamka, akanyoosha mikono, akasema kwa ile sauti yake ya kusoma masomo kanisani: "Mama Kulwa! Toazi lako liko salama? Didia nzima inakutegemea!"

Yule mwanamke aligeuka polepole. Akanitazama usoni. Akatazama mfuko wa vitumbua, ulikuwa mtupu.

"Wewe," akasema.

"Mimi," nikasema, na makombo midomoni.

Kakola hadi Nyarugusu

Mngedhani hapo tungeachana. Gari la kwenda Nyarugusu saa ile lilikuwa moja tu, mchomoko, yale magari madogo yanayopakia watu kama mahindi ghalani. Kiti cha mbele alipewa Shija kwa heshima ya suti. Mimi na yule mwanamke, jina lake Zuhura, tuliwekwa nyuma paja kwa paja, na toazi mapajani mwetu sote wawili, maana halikuwa na pengine pa kukaa.

"Mwambie shemeji yako," Zuhura akamwambia dereva, ingawa dereva si shemeji yangu, "aondoe sahani yake mguuni kwangu."

"Mwambieni huyo," nikajibu, "kwamba hii ni sahani ya kihistoria."

Dereva akauliza, "Kwani akina mama mnakwenda kwa nani?"

Shija akajibu kwa furaha, "Kwa Mzee Karasha. Tumekuja kwa ajili ya Mwamba."

Shemeji yangu ni msomi, lakini hilo hakulifikiria. Huku machimboni mwamba ni ule mkanda wa jiwe lenye dhahabu. Mtu akisema ameupata mwamba, watu wanaacha chakula mezani.

Dereva alipunguza mwendo. "Mwamba? Uko wapi?"

"Ulianzia Mwanza," Shija akasema, "ukapita Shinyanga, ukapita Didia, Kahama, ukaishia Nyarugusu."

"Ni mrefu hivyo?"

"Uliwagusa maelfu!"

Dereva alisimamisha gari ili akachimbe dawa, yaani ajisaidie, lakini tulimwona nyuma ya kichaka na simu sikioni. Aliporudi tukaendelea, na kila tulipokata kona pikipiki moja iliongezeka nyuma yetu. Walikuwa mabroka, wanunuzi wa dhahabu, na wachimbaji wawili wamevaa taa zao za kichwani. Mmoja mwenye kofia ya pama alikuja ubavuni, akachungulia dirishani, akaona ukingo wa shaba ukimeta chini ya khanga.

"Mama," akasema kwa upole mkubwa, huku pikipiki inayumba, "usimwonyeshe mtu mwingine hicho. Zungumza na mimi kwanza."

Zuhura, ambaye alikuwa hajanisemesha, aliniinamia. "Wanadhani umebeba dhahabu, mjinga wewe."

"Nifanye nini?"

"Kaa kimya. Ukisema ni bati la kufunikia sufuria watatupiga." Kisha akalivuta lile toazi akalifunika kwa mtandio wake, akalikumbatia. Nilimwangalia. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Tuliingia Nyarugusu na pikipiki tisa nyuma yetu, kama harusi.

Nyarugusu

Mzee Karasha alitupokea getini, mtu mrefu, mkimya, vumbi la mawe kwenye nyusi. Alizitazama zile pikipiki, hakuuliza kitu, akawaambia wake zake wawili waongeze mchele. Mabroka waliketi chini ya paa la bati wakisubiri mwamba utolewe. Kwa kuwa pilau ilikuja kwanza, walisubiri kwa moyo.

Wapenzi wa bendi tulikuwa kumi na wawili. Kila mmoja akasimama na kitu chake. Fundi baiskeli kutoka Geita alileta uzi wa gitaa uliozungushwa kwenye kipande cha sabuni. Mama mmoja alileta kiti cha plastiki cha miguu mitatu, akaeleza kuwa mguu wa nne aliuvunja kwa kucheza juu yake. Bwana mmoja mfupi alitoa chupa ya soda ambayo mwimbaji aliiacha jukwaani, na chini bado palikuwa na soda kidogo iliyogeuka lami. Shija alipolivaa lile koti, halikufunga kifuani na mikono iliishia kwenye viwiko. Ndipo bwana wa chupa akamtazama vizuri, akashtuka. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya parokia ya jirani.

"Mwalimu Shija?"

"Mwenyekiti?"

Wakatazamana. "Semina inakwendaje?" akauliza mwenyekiti.

"Nzuri," Shija akasema. "Na yako?"

"Nzuri pia."

Zamu yangu ilipofika niligonga toazi, ngwaa, na broka mwenye kofia ya pama akaweka kijiko chini kwa huzuni, maana anajua mlio wa dhahabu na ule haukuwa wenyewe. Nikatangaza kwamba Binti wa Tochi ni mimi. Zuhura akainuka na tochi yake, ile yenyewe, ya zamani, haina betri, akatangaza kuwa ni yeye. Nikasema kitu kuhusu Kahama. Akasema kitu kuhusu mbuzi. Watu wakagawanyika, mabroka nao wakagawanyika, wengine upande wa Didia, wengine upande wa Kahama, na sahani zikaanza kutumika kama ushahidi.

Fundi baiskeli, katika kutuliza, akatoa picha. "Tazameni, jamani, bendi yenyewe hii hapa." Tukaizunguka. Huyu mwimbaji, huyu gitaa, huyu ngoma. Na pembeni kabisa, mahali picha ilipokatika, palikuwa na kiwiko cha mtu.

"Huyu nani?" akauliza mama wa kiti.

"Mbeba vyombo," nikasema.

"Dereva wa lori," akasema Zuhura, na kwa mara ya kwanza tulikaribia kukubaliana.

Mzee Karasha alikuwa amesimama nyuma yetu na jagi la maji ya kunawa. Akasema, "Hicho kiwiko ni changu."

Tukageuka wote.

"Nilikuwa napiga besi."

Mwenyekiti wa kwaya, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Kumbe kulikuwa na besi?"

Mzee aliweka jagi chini. Alituambia kwamba bendi ilipokufa, mwimbaji alikwenda nje, mpiga gitaa akawa dereva wa malori, na mpiga ngoma alifariki miaka kadhaa iliyopita. Yeye alibaki hapa, akaanza na nyundo, akapata karasha. "Nikafungua hilo kundi lenu," akasema. "Nikasema niwaite, nione kama yupo atakayenitambua. Mmekula sahani mbili mbili. Hakuna."

Niliitazama pilau yangu. Ilikuwa sahani ya tatu.

"Na ule wimbo," akaendelea, "niliuandika mimi. Lori letu tuliliita Binti. Lilikuwa na taa moja tu mbele, ndiyo tochi yenyewe. Lilituzimikia Didia."

Mimi na Zuhura tulitazamana. *Usinizimikie njiani.* *Moyo wako ukichemka, nitakuletea maji.* Na ubeti wa mwisho, ambao niliwahi kumwimbia Baba Kulwa siku ya harusi yetu: *ukigoma mpenzi, tutakusukuma wote.*

Sijui nani alianza. Nadhani ni Zuhura. Alitoa sauti kama filimbi, halafu akainama, nami nikainama, tukashikana mabega tukacheka mpaka machozi. Tulikuwa tumegombea miezi mitatu kuwa lori.

"Lakini nawakumbuka," Mzee akasema. "Wewe wa Didia ulimmulika mpiga ngoma tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe wa Kahama ulimmulika mwimbaji. Mimi sehemu zote mbili nilipiga gizani."

Kicheko kikakatika. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa shule.

"Gitaa lako liko wapi?" Zuhura akamuuliza.

Lilikuwa chumbani, limefungwa kwenye gunia. Alipoliunganisha na kispika cha redio, nyuzi mbili zilikuwa zimelegea, akatumia koleo kuzikaza. Akaagiza karasha izimwe. Ilikuwa saa kumi jioni, jua linachoma, hakuna giza mahali popote. Hata hivyo nilitoa simu yangu nikawasha tochi nikammulika usoni. Zuhura alihangaika na tochi yake isiyo na betri, mpaka mchimbaji mmoja akavua taa yake ya kichwani akampa. Halafu wengine wote wakawasha za kwao.

Akapiga. Besi peke yake haina wimbo, ni dum, dum, du-dum, kama mtu anatembea ghorofani. Tukaimba juu yake tulivyoweza. Shija aligonga toazi, mwenyekiti wa kwaya akashika sauti ya pili, broka wa kofia ya pama akapanda juu ya kiti cha miguu mitatu, akaanguka, akapanda tena. Mzee hakuinua macho hata mara moja, alitazama vidole vyake, lakini midomo yake ilikuwa inafuata maneno yote.

Alipomaliza tulipiga makofi, na mtu akapaza sauti, "Jina lako nani, mzee?" Ni kweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Masalu," akasema. "Masalu Kidola."

Tukaliita jina hilo kwa sauti, wote kwa pamoja, na mabroka nao, mpaka majirani wakaja kutazama kama kuna duara, yaani shimo la dhahabu, limeporomoka na watu wamefukiwa.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi. Mke mkubwa wa Masalu alitufungia pilau iliyobaki, na Masalu mwenyewe alitusindikiza mpaka stendi. Shija na mwenyekiti waliagana wakikubaliana kwamba semina kama ile inafaa iwe kila mwaka.

Kwenye gari mimi na Zuhura tulikaa pamoja kwa hiari. Nikamwomba radhi kwa vitumbua. Akaniomba radhi kwa mbuzi. Tulipofika Kahama nilimwamsha, "Zuhura, kwako hapa, shuka." Akafungua jicho moja, akatazama stendi, akalifumba.

"Nimeona," akasema. "Wajukuu watauza mchele. Nataka kwanza niione hiyo Didia."

Kwa hiyo mnaoniuliza ni nani yule mama wa mtandio wa zambarau anayefua uani kwangu, ndiye huyo. Alisema atakaa siku mbili, leo ni ya sita. Amehamisha vyombo vyangu vyote jikoni, amemwambia Baba Kulwa kwamba anakoroma, na asubuhi hii ameonja chai yangu akauliza kama ni ya mgonjwa. Njooni mumsalimie. Mkija, njooni na sukari.